Kura ya Watunza Saa

Verna Kitto alipanda ngazi za kibanda cha watunza saa na chupa ya chai kwapani na uamuzi kichwani. Medali ingeitwa kwa jina la Doug, mume wake, Lindsay Maddern apende asipende. Ikibidi, angemfungia humo mpaka akubali. Ufunguo anao yeye.

Leo ndiyo ilikuwa mara ya mwisho Tarrabool kukutana na Yarrip. Miji miwili ya ngano ya Australia, watani wa jadi wa mpira wa Kiaustralia, ule wa kudaka kwa mikono na kupiga kwa miguu, tangu enzi za babu zao waliokuja uwanjani kwa farasi. Sasa vijana wamekwenda zao Melbourne, na hakuna mji kati ya hiyo miwili unaoweza kupata wachezaji kumi na wanane bila kumbembeleza mwalimu wa hesabu avae kaptula. Msimu ujao wangekuwa timu moja. Rangi za jezi walizigombania wakapatana. Jina la timu wakaligombania, watu wawili wakanuniana, wakapatana. Kilichobaki ni medali ya mchezaji bora wa kila mwaka: iitwe kwa jina la nani?

Kwa jina la aliye bora kuliko wote waliowahi kuonekana katika miji hii miwili, wakasema. Jibu jepesi, kazi nzito. Masharti yalikuwa yale yale ya ubishi wa kila Jumamosi kwenye uzio: mchezaji awe amestaafu, na wewe uwe umemwona kwa macho yako. Hadithi za baba yako zibaki kwa baba yako. Kamati ikakaa, watatu wa huku na watatu wa kule, na kila kura ikatoka tatu kwa tatu: Doug Kitto wa Tarrabool, Ross Yendle wa Yarrip. Mwishowe katibu, Trudi Haslam, uzalendo ukamshinda. Akasema wapo watu wawili tu walioziona mechi zote za watani hawa kwa zaidi ya miaka arobaini, tena kutoka dirisha moja, bila kutoka hata kwenda kununua pai. Basi waamue wao, na jina litangazwe kwenye kipaza sauti king'ora cha mwisho kikishalia. Wakishindwa, medali itachukua jina la duka la matrekta lililojitolea kuitengeneza.

Lindsay alikuwa ameshakaa, kofia ya Yarrip imemshuka hadi kwenye nyusi.

"Umechelewa, mama," alisema.

"Nimechelewa wapi? Saa yako ndiyo ina haraka, kama timu yenu ikikimbilia kuoga."

"Leo tutaoga kwa shangwe, ninyi mkijificha nyuma ya nyumba. Mimina chai."

Kila timu ilileta mtunza saa wake kwa sababu hakuna aliyemwamini wa mwenzake. Uwanja wenyewe hauna saa. Wachezaji, waamuzi, watazamaji, wote hawajui zimebaki dakika ngapi. Wanajua wale wawili tu walio juu, kila mmoja na saa yake mezani. Robo moja kati ya nne za mchezo ikimalizika mmoja husema, "Yangu imefika," mwenzake hujibu, "Na yangu," ndipo kidole kinapobonyeza kitufe na king'ora kinalia hadi mbwa wa mji mzima wanaitika. Verna alianza kazi hiyo akiwa bibi harusi mpya. Lindsay alianza mwaka ule ule goti lake lilipokataa kucheza tena. Walikuwa wametukanana humo ndani zaidi ya miaka arobaini, na hawajawahi kuchelewesha king'ora hata mara moja.

Chini yao magari yalikuwa yameegeshwa kuuzunguka uwanja, pua zikiutazama mchezo. Goli likiingia, magari ya wenye goli hupiga honi. Verna alilitafuta gari lao jeupe na kuliona mahali pake, karibu na ubao wa matokeo. Doug alikuwa ndani, blanketi magotini. Kiharusi kilikuwa kimempokonya mguu na mkono wa kulia na karibu maneno yake yote, lakini mkono wa kushoto ulikuwa mzima, na honi iko karibu. Tarrabool ikifunga, honi ya Doug ndiyo hutangulia na ndiyo hubaki ya mwisho. Daktari alishamwambia Verna kwamba msimu mwingine ni wa kumwomba Mungu. Ndiyo maana jina hilo alilitaka leo, Doug akiwa bado yupo wa kulisikia.

Mpira ulirushwa, wakaanza. Tarrabool walifunga mara mbili kabla Lindsay hajakoroga sukari, na honi zikatikisa mabati ya kibanda.

"Haya," alisema Verna. "Nani mwingine aliyedaka kama Doug? Fainali ile ya matope, alipopanda juu ya watu watatu. Juu ya watatu, Lindsay. Alama za viatu vyake zilibaki kwenye mabega ya yule beki wenu hadi mkewe akamwuliza ametoka wapi."

"Kudaka alidaka, nani anakataa? Lakini mguu wa kushoto huo wa Doug alikuwa anautumia kushukia kitandani tu."

"Na Ross Yendle wako? Yule alikuwa hakimbii kwa mguu wowote."

"Ross hakuufuata mpira. Mpira ndio ulimfuata."

"Ulimfuata kwa sababu yeye alikuwa hawezi kuufuata. Mtu alikuwa na bucha na mwili wa kuijaza."

"Magoli saba, Verna. Kipindi kimoja, mvua ya mawe, na ninyi mmemwekea watu watatu wa kumshika."

"Walikuwa wanajikinga mvua nyuma yake."

Lindsay alicheka mpaka chai ikampalia. Verna naye akacheka, maana Ross Yendle alikuwa mzuri kweli, na magoli yale saba alikuwa ameyaona yote na kuyachukia moja moja. Lakini mkono wa kila mmoja ulikuwa karibu na saa. "Yangu imefika." "Na yangu." King'ora kikalia, robo ya kwanza ikaisha, mbwa wakaitika.

Wakati wa mapumziko ya nusu ya mchezo Trudi Haslam alipanda na pai mbili zilizojaa mchuzi wa nyanya, akasimama mlangoni kama mtu aliyekuja kukagua mitihani.

"Tumefika wapi, wazee wangu?"

"Tumefika kwenye bucha," alisema Verna.

"Yule wa matrekta yuko pale chini, amevaa suti. Ameshaniuliza mara mbili kama kipaza sauti kinafanya kazi. Nawaomba. Sitaki kumwona mtoto wa watu analia kwa furaha akivishwa trekta shingoni."

"Utapata jina," alisema Verna.

"La nani?"

"La Kitto," alisema Verna. "La Yendle," alisema Lindsay, kwa pamoja, na Trudi akashuka akitikisa kichwa.

Robo ya tatu ilikuwa ya Yarrip. Walitoka nyuma, goli, honi upande wa kule. Goli tena, honi tena, na watoto wao wakaanza kukimbia kando ya uzio na bendera. Tarrabool wakajibu. Verna alisimama, akakaa, akasimama. Kila aliyekuwa na sauti aliitumia. Bibi mmoja wa Yarrip, mtu wa kanisani, alimwita mwamuzi jina ambalo hakulipata kanisani. Robo ya nne ilipoanza tofauti ilikuwa alama chache tu, na Verna alikuwa ameshika ukingo wa meza, hajui ni kwa ajili ya mchezo au kwa ajili ya lile jina.

Hapo Lindsay akavua kofia na kuiweka mezani.

"Mwandike," alisema.

"Nani?"

"Mumeo. Sina nguvu ya kugombana nawe leo. Mtu yuko pale garini, hali unaijua. Mpe zawadi yake aisikie. Ross ameshakufa, hatanidai."

Verna alikuwa ameingoja sentensi hiyo tangu asubuhi. Alimtazama Doug kwa mbali, mkono wa kushoto juu ya usukani, ukingoja. Mtu huyu alicheza nusu ya mechi akiwa na mbavu iliyovunjika kwa sababu hakutaka beki wa Yarrip amwonee huruma. Na sasa apewe medali kama mgonjwa anavyopelekewa machungwa? Afadhali trekta.

"Sitaki hiyo," alisema.

"Hutaki nini? Si umeshinda?"

"Nimeshinda nini? Umenihurumia." Alivuta kiti karibu. "Lindsay, tuache habari ya kumtangaza nani. Niambie ulimwona nani. Wewe na macho yako hayo mawili, dirishani hapa. Mchezaji gani alipokuwa na mpira ulikuwa huwezi kupumua?"

Lindsay alitazama uwanja. Nje watu walikuwa wakipiga kelele, Tarrabool wako mbele kwa alama moja, na yeye akaigeuzageuza kofia yake mezani, na Verna alijua jibu kabla hajaamua kama analitaka.

"Basi nitaanza mimi," alisema Verna. "Rex."

Jina hilo halikuwa limetajwa kwenye uzio wa Tarrabool wala wa Yarrip kwa miaka mingi. Rex Maddern, mdogo wake Lindsay, tumbo moja. Aliipa Yarrip ubingwa mwaka wa ukame mkubwa, kisha akapenda msichana wa Tarrabool na kazi ya kwenye maghala ya ngano ya Tarrabool, akavuka. Baba yake aliichoma jezi yake kwenye pipa uani. Usiku wa kuhama Rex aligonga mlango wa kaka yake aage, na Lindsay hakufungua. Misimu miwili baadaye akahama tena, yeye na mkewe, wakaenda Queensland, na Tarrabool nao wakamfuta, kwa kuwa mwaka uliofuata waliburuza mkia. Yarrip walimwita msaliti. Tarrabool walimwita ndege wa kupita. Ndilo jambo pekee ambalo miji hiyo iliwahi kukubaliana juu yake bila kugombana.

"Usinifanyie hivyo, Verna," alisema Lindsay taratibu.

"Ile fainali ya ukame. Mbele kwa alama tatu sisi, nyasi hakuna, uwanja vumbi tupu. Mimi nina mimba ya Kaye, nimeshika tumbo hivi. Ndugu yako akaokota mpira pale, pale kwenye kona ambayo hakuna anayeweza kufunga, mgongo umeelekea nguzo za goli. Doug mwenyewe ndiye alimrukia."

"Akamkosa," alisema Lindsay. Alikuwa amesimama.

"Akamkosa! Doug, aliyekuwa hamkosi mtu. Alishika vumbi. Akaja wa pili, Rex akasimama. Akasimama tu, Lindsay, kama mtu anayengoja basi, yule wa pili akapita. Kisha akageuka na kupiga na mguu ule mwingine, na mpira ukaenda nje kabisa ya nguzo. Nikasema asante Mungu, umekwisha."

"Ukarudi."

"Ukarudi wenyewe. Ulikata kona hewani ukaingia katikati. Tulipoteza ubingwa, nikalia wiki nzima. Na nilipokuwa nalia nilikuwa nauona ule mpira unavyorudi, natamani kuuona tena."

Lindsay alikuwa ameshika fremu ya dirisha kwa mikono miwili. Macho yalikuwa uwanjani lakini Verna alijua hawaoni hao vijana wanaokimbia huko.

"Hilo dogo," alisema. "Hilo unalisema kwa sababu liliwafunga ninyi. Mwaka aliowachezea ninyi, mimi nimekaa kiti hiki hiki, nimeapa sitamtazama. Nikatazama viatu vyangu robo tatu nzima. Robo ya nne nikasikia uwanja wote umenyamaza, nikainua kichwa. Ana mpira pale katikati. Anakimbia kwetu. Anaudundisha, unamrudia mkononi, anaudundisha, unamrudia, na ule mpira wetu wa umbo la yai unaujua, ukimdundia mtu wa kawaida unakwenda unakotaka wenyewe. Akampita wa kwanza, tulikua naye mtaa mmoja. Akampita binamu yetu. Akampita Ross, na Ross akampisha, Verna, akampisha kama harusi inapita. Nikasema, mvunjeni mguu. Ndugu yangu huyo. Nikasema kwa sauti."

"Nilikusikia."

"Na moyoni nasema, kimbia. Kimbia, Rex, wasikushike. Alipofunga nilikuwa nimesimama juu ya kiti na mikono juu, na kofia ya Yarrip kichwani. Umeliona hilo pia?"

"Nililiona."

"Hukumwambia mtu."

"Ningemwambia nani? Mimi mwenyewe nilikuwa nimekukumbatia."

Wakatazamana, wazee wawili wamesimama, wanahema, nyuso zimewaka, na kwa kitambo kidogo hakuna kati yao aliyekumbuka ni mwaka gani. Kisha kutoka chini ikaja kelele kubwa. Kijana wa Yarrip alikuwa ameudaka mpira mbele ya goli na kuupiga. Mpira ukapanda, ukayumba, ukagonga nguzo kwa mlio uliosikika hadi kibandani. Ukipita katikati ya nguzo ni alama sita na bendera mbili. Ukigonga nguzo ni alama moja tu. Mwamuzi wa goli alipunga bendera moja. Sare.

Verna akatazama saa yake. Lindsay akatazama yake.

"Yangu imefika," alisema Verna.

"Na yangu. Imefika zamani."

Kidole kikashuka. King'ora kikalia, kwa mara ya kwanza katika maisha yao kimechelewa, dakika nzima na ushee. Dakika hiyo Tarrabool walikuwa washindi na hawakujua.

Uwanjani hakuna aliyejua afurahi au anune. Wachezaji walisimama mikono kiunoni. Sare ni kitu kisichomshibisha mtu, na kumaliza utani wa karne kwa sare ni sawa na kuahirisha ugomvi ukiwa umeshavua shati. Kisha mwanamume mmoja wa Tarrabool, mwenye saa yake ya mkononi na mdomo wake, akapaza sauti chini ya kibanda. "Verna, mlilala huko juu? Ule muda ulikuwa umekwisha."

Trudi Haslam alikuwa ameshapanda, kipaza sauti mkononi. "Jina," alisema. "Tafadhali. Suti inakuja."

Verna alikipokea. Alimtazama Lindsay, na Lindsay, aliyekuwa mweupe kama chaki, akaitikia kwa kichwa: ndiyo. Kisha akalitazama gari jeupe. Kila mtu pale alijua ni jina la nani lilikuwa linatoka Tarrabool. Doug alilijua. Asubuhi Verna alipokuwa anamfunga vifungo vya shati, Doug alikuwa ametabasamu kwa upande ule mmoja, na Verna alikuwa amemwambia, ngoja tu, baba Kaye, utasikia.

"Ndugu zangu," alisema, na spika zikakoroma juu ya uwanja. "Ni kweli, king'ora kimechelewa. Mechi ilikuwa imekwisha na tuliongoza. Lakini sheria ni sheria, matokeo ni yale king'ora kilipolia, kwa hiyo ni sare, na kosa ni letu sisi wawili. Miaka yote hii tumebishana hapa juu ya Doug wangu, na hatukuchelewa. Leo tumebishana juu ya Ross Yendle, hatukuchelewa. Tukamtaja mtu mmoja tu, tukasahau saa, tukasahau mechi. Mimi naona hiyo ndiyo kura. Medali ni ya Rex Maddern. Alitufunga sote, na sote tulimwona."

Mwanamume mwenye saa ya mkononi aliitazama saa yake tena. Upande wa Yarrip wazee walitazamana chini ya kofia zao. Verna hakuwatazama. Alikuwa anatazama kioo cha mbele cha gari moja, na mwanga wa jua ulikuwa juu ya kioo hicho, haoni kitu. Alijiambia, nimemnyima. Mtu wangu, siku yake ya mwisho uwanjani, nimemnyima mbele ya watu.

Honi ikalia.

Aliijua kabla haijakata. Ilikuwa ndefu, ile ile ya goli, mkono wa kushoto umelala juu yake na haunyanyuki. Doug Kitto, aliyemrukia Rex akashika vumbi, alikuwa anapiga honi na haachi. Gari la pili likaitikia, la Tarrabool. Kisha, upande wa kule, pikapu moja kuukuu ya Yarrip, iliyokuwa na wazee watatu ndani. Kisha zote, kulia na kushoto, uwanja mzima kwa mara ya kwanza kama kwa goli moja la wote, na watoto waliokuwa hawajui Rex ni nani wakaziba masikio na kucheka.

Verna alikaa chini. Machozi yalimtoka akayaacha yatoke.

Lindsay alikuwa ametoa simu yake. Alibonyeza namba bila kuitafuta, ingawa hajawahi kuipiga hata siku moja, akaiweka sikioni, akangoja.

"Rex," alisema. "Ni mimi. Hapana, hakuna aliyekufa. Usikate. Usiseme kitu, mdogo wangu, sikiliza tu."

Akaunyoosha mkono wote wenye simu nje ya dirisha, juu ya magari yaliyokuwa yakipiga honi, akaishikilia hapo.